Mama hakumzika dada yake

SWALI: Daktari, wakati wa korona, mwaka 2020, mama mkubwa alifariki upande wa Kenya. Mpaka ulikuwa umefungwa, mama hakwenda kuzika. Tangu hapo amejitenga: usingizi hapati, chakula anaonja tu, gulioni haendi. Majirani wanasema karogwa. Tufanyeje?
Msomaji, Itiryo, Tarime

JIBU: Poleni sana. Mei 16, 2020 Kenya ilitangaza kuzuia watu kuvuka mpaka wake na Tanzania, isipokuwa magari ya mizigo. Kwa Wakurya, wenye ndugu pande zote mbili, amri hiyo iliwatenga hata na misiba yao. Asiyezika wala kulia na wenzake hubaki na huzuni nzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga la korona.

Mama hajarogwa. Kukosa usingizi, hamu ya kula na furaha kwa zaidi ya wiki 2 mfululizo ni dalili za sonona, na sonona hutibika. Mpelekeni zahanati, ombeni rufaa ya hospitali ya wilaya. Ushauri nasaha husaidia, na dawa zikihitajika atapewa. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha mvusheni mpaka, afike kaburini, aomboleze na watoto wa marehemu. Hajachelewa.