SOMO LA KIMIA: MADINI INAYONG'AA JUU YA KIOO



Katika kabati za nyumba nyingi za Kamina kuko bilauri zenye mstari wa dhahabu kwenye mdomo. Mama anazitoa paka siku ya wageni. Kisha mtoto anazisugua na mchanga ao majivu, na nyuma ya miezi michache mstari unatoweka. Watu wanasema: «Ilikuwa dhahabu ya uongo.» Hapana, inaweza kuwa dhahabu ya kweli kabisa. Tuone sababu gani inatoka.

1. Lustri ni nini?

Kuko njia mbili za kukipa kioo rangi. Ya kwanza: unachanganya madini katika kioo kinapoyeyuka. Kobalti kidogo sana inatosha kukifanya kuwa buluu mpaka ndani. Ukisugua, rangi haitoki. Ya pili: kioo kimekwisha kutengenezwa, nawe unapaka madini juu yake na kukirudisha motoni. Inabaki ngozi ya madini, nyembamba kuliko unywele mara mamia. Hiyo ngozi ndiyo lustri. Mchanga unaikwangua bila shida.

Kazi hii ni ya zamani. Kule Fustat, Misri, walipata kikombe cha kioo kilichopakwa lustri, chenye jina la gavana Abd al-Samad bin Ali, aliyetawala mwaka 773. Mafundi wa wakati ule walitumia fedha na shaba. Walifunga tanuru ili lijae moshi. Moshi unanyang'anya oksijeni kutoka mchanganyiko wa shaba, na shaba yenyewe inabaki juu ya kioo.

2. Namna ya kazi leo

Dhahabu inayeyushwa katika mafuta maalum. Mara nyingi ni kama sehemu 10 tu kwa 100. Fundi anafuata hatua hizi:

a) Anasafisha kioo vizuri na alkoli. Alama ya kidole kimoja itaonekana nyuma ya moto.
b) Anapaka kidogo, na burashi safi. Ukipaka mingi, inapasuka ao inakuwa unga.
c) Anapasha moto polepole, mlango wa tanuru ukiwa wazi kidogo, mpaka mafuta yaungue na moshi utoke.
d) Anafikisha karibu digri 500 mpaka 600, kufuatana na aina ya kioo. Ikipungua, lustri haishiki. Ikizidi, kioo kinapindika.
e) Anaacha tanuru lipoe polepole. Akiharakisha, kioo kinapasuka.

Lustri zingine zinaonyesha rangi nyingi pamoja, sawa mazutu iliyomwagika juu ya maji. Sababu ni ile ile: ngozi ni nyembamba, na mwangaza unarudi kutoka juu yake na kutoka chini yake.

3. Tahadhari

Moshi wa mafuta hayo ni mubaya kwa mapafu. Tanuru liwe mahali penye hewa nyingi. Rangi zingine zinaweza kuwa na risasi. Usinywee katika chombo chenye lustri isiyopimwa kwa vyombo vya chakula.

4. Na sisi?

Jimbo letu la zamani liliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997. Kwa miaka mingi wagoni za shaba zilipita hapa Kamina kwenda Ilebo, kisha kwa mto mpaka Kinshasa, na kwa reli tena mpaka Matadi. Kobalti ya Kongo ni nyingi kupita ya nchi ingine yote. Lakini angalia ile bilauri: madini iliyo juu yake haifiki hata uzito wa punje ya muchele. Bei yake inatoka kwa akili ya mtu anayejua kusafisha, kupaka na kupima moto. Madini tuko nayo. Elimu hiyo inapatikana kwa kujifunza, na somo la kimia ni mlango wake.

MASWALI

1. Sababu gani buluu ya kobalti haitoki, lakini mstari wa dhahabu unatoka?
2. Moshi unafanya nini kwa shaba katika tanuru?
3. Nyumbani, mtaosha namna gani bilauri yenye mstari wa dhahabu? Elezeni sababu kwa wadogo wenu.