Kiraka changu kimekataliwa
Swali: Niko Tandale, najifunza programu. Nilituma kiraka cha kusafisha keneli ya Linux, nikafuta mstari unaosoma thamani isiyotumika popote. Mbona kimekataliwa?

Jibu: Mstari ule ulisoma rejista ya kifaa. Kwenye baadhi ya vifaa, kule kusoma tu ndiko kunakozima ishara ya kukatiza. Ukiufuta, kifaa kinaendelea kubisha hodi bila kukoma. Mkaguzi haangalii unadhifu pekee, anauliza: tabia imebadilika?

Jaribu tena kwenye folda ya drivers/staging. Pitisha kazi yako kwenye programu ya ukaguzi checkpatch.pl, kila kiraka kibebe badiliko moja, eleza sababu yake, kisha weka mstari wa Signed-off-by. Simu za Android hapo mtaani zinategemea keneli hiyohiyo. Kwa hiyo kumbuka: haraka haraka haina baraka.