Somo: Namna ya Kueleza Shauku ya Chuo Katika Insha ya Maombi ya Uzamili

Mhitimu anayeomba nafasi ya shahada ya uzamili mara nyingi hutakiwa kuandika insha fupi ya kueleza kwa nini amekichagua chuo husika. Wengi huijaza sifa: chuo ni maarufu, walimu wake ni mahiri. Sifa hizo wasomaji wa maombi wanazijua tayari. Wanachotafuta ni sababu inayomuunganisha mwombaji na chuo hicho, si kingine.

Uchukuliwe mfano wa mkazi wa Kata ya Hananasif anayetaka kusomea mipango miji. Akiandika, "Chuo Kikuu Ardhi ni ndoto yangu ya siku nyingi," sentensi hiyo yaweza kupelekwa chuo chochote kwa kubadili jina tu. Lakini akiandika hivi, shauku huonekana yenyewe:

"Nimekulia Hananasif, ambako katika miaka ya 1990 wakazi walishiriki kujenga mifereji na barabara za mtaa. Kila Bonde la Msimbazi linapofurika, hujiuliza ni nani mwenye wajibu wa kuitunza mifereji hiyo. Chuo Kikuu Ardhi hutafiti makazi yasiyopangwa. Hapo ndipo swali langu litapata walimu."

Aya hiyo ina mambo matatu: anakotoka mwombaji, swali linalomsumbua, na kile ambacho chuo kinacho cha kulijibu. Iongezwe sentensi moja ya namna elimu hiyo itakavyotumika baadaye.

Sababu ya kawaida nayo isionewe haya. Mtumishi asiyeweza kuacha kazi anaweza kueleza waziwazi kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao makuu hapa Kinondoni, kinamfaa kwa kuwa hufundisha kwa masafa. Hata hivyo, aitaje pia programu anayoitaka na sababu yake.

Jambo la mwisho ni ukweli. Maneno "chuo hiki ndicho chaguo langu la kwanza" yaandikwe kwa chuo kimoja tu. Anayeomba vyuo vitatu aeleze kwa kila kimoja kilichomvutia, bila kuahidi asichokusudia kutimiza.

Kabla ya kutuma, mwombaji alifunike jina la chuo kwa kidole na kuisoma insha upya. Ikiwa bado inafaa chuo kingine chochote, aiandike tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.