Gunia Lisilopitisha Hewa

Osama ndiye mdudu tunayemjua sote. Wengine humwita Scania. Aliingia Kenya kupitia Taveta miaka ya 1980. Huyu si fukusi wa zamani: anasaga mahindi yakawa unga humo humo guniani.

Siku hizi kuna magunia yasiyopitisha hewa. Ndani mna karatasi mbili nzito za plastiki, nje ni gunia la kawaida. Hakuna dawa. Yakifungwa vizuri, wadudu wenyewe wanamaliza oksijeni, wanaacha kula, halafu wanakufa.

Lakini gunia halikaushi mahindi! Yakiingia na unyevu yataota ukungu, na sumu yake haitoki kwa kupika. Mwaka 2004, hasa Ukambani, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sumu hiyo. Kwa hivyo pimeni kwanza. Tieni chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, ongezeni mahindi, tikiseni, ngojeni robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisheni mahindi juani.

Pepeteni, mtoe vipande vya magunzi, maana vinatoboa karatasi. Jazeni mkishindilia. Karatasi ya ndani isokotwe mdomo, ikunjwe, ifungwe kwa kamba. Kisha ya pili, kisha gunia. Liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na panya.

Na yale ya kusaga wiki hii? Yawekwe kando. Kila mkifungua gunia mnawapa wadudu pumzi. Karatasi ikitoboka, hata tundu dogo, ibadilishwe kabla ya msimu ujao.