Kimya Kingi Kina Mshindo: Lugha ya Maelekezo ya Kufunga Redio ya Ridhaa katika Gari Mseto

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya maelekezo ya kiufundi kwa mfano mmoja: kufunga redio ya mawasiliano ya ridhaa katika gari mseto, yaani gari linaloendeshwa kwa petroli na umeme kwa pamoja. Muktadha wake ni kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba maneno ya karakana yaliyozoeleka, hususan redio, kufunga, moto na kuzima, yalikua pamoja na gari la zamani. Yakihamishiwa kwenye gari jipya bila ufafanuzi, yanaweza kumdhuru fundi. Hata hivyo, nyenzo za kuondoa hatari hiyo zimo ndani ya sarufi ya Kiswahili chenyewe.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Matini za maelekezo hutajwa kwa haraka chini ya mada ya sajili, kisha mhadhara huendelea na mambo mengine. Lakini anayekosea kufasiri shairi hupoteza alama za mtihani, ilhali anayekosea kufasiri maelekezo ya umeme anaweza kupoteza maisha. Kwa sababu hiyo matini za aina hii zinastahili kusomwa kwa makini ya kihakiki.

Mji wa Migori upo kwenye barabara kuu ya A1 inayotoka Kisii, kupitia Rongo, hadi Isebania mpakani. Ng'ambo ya pili ni Sirari, Tanzania. Kutoka Rongo barabara nyingine huelekea Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria. Katika eneo hili husikika Dholuo, Kikuria, Kisuba na Ekegusii, na Kiswahili ndicho huwaunganisha wasemaji hao karakanani na sokoni. Magari mengi yanayoingia Kenya yalitumika kwanza Japani, yakiwemo magari mseto kama Toyota Prius na Toyota Aqua. Kijitabu cha gari, kama kipo, mara nyingi huwa cha Kijapani. Hivyo basi, maelekezo anayopewa fundi kwa mdomo, kwa Kiswahili, ndiyo kijitabu chake.

2.0 Istilahi za Msingi

Neno mseto lina mizizi jikoni, kwani ni chakula cha wali uliopikwa pamoja na choroko. Siasa ililichukua, na Wakenya wakawa na serikali ya mseto mwaka 2008. Gari mseto ni istilahi inayoeleweka upesi kwa kuwa inaendeleza maana hiyohiyo ya vitu viwili vilivyochanganywa vikafanya kazi moja.

Neno ridhaa nalo limezoeleka katika ndondi za ridhaa, zinazochezwa kwa mapenzi wala si kwa ujira. Redio ya ridhaa ni ile inayotumiwa na mtu binafsi kuwasiliana na wenzake hewani bila biashara. Hata hivyo, neno hili lina mtego, kwa sababu ridhaa pia ni kukubali. Ridhaa ya mwenye redio si ruhusa ya serikali. Nchini Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mwenye leseni hupewa alama ya wito, ambayo kwa kawaida huanza na 5Z4.

3.0 Utata wa Maneno ya Karakana

3.1 Redio na kufunga

Redio zinazotoka na magari ya Japani hupokea FM ya megahezi 76 hadi 90, au 95 kwa magari ya karibuni, ilhali stesheni za Kenya hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108. Kwa hiyo wenye magari wengi humwendea fundi "awafungie redio", wakimaanisha redio ya kusikiliza. Redio ya ridhaa ni kitu kingine, kwani inapokea na pia kurusha. Ile yenye nguvu ya wati 50 huweza kuvuta ampia 10 au zaidi inaporusha, mzigo ambao waya mwembamba nyuma ya dashibodi haukukusudiwa kuubeba. Kiswahili kiliwahi kutenganisha mambo haya kwa istilahi simu ya upepo, na hata leo redio koli hutaja chombo cha kusemezana.

Kitenzi kufunga nacho kina maana zinazogongana. "Funga redio" huweza kuwa agizo la kuipachika garini au, katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, agizo la kuizima.

3.2 Moto

Fundi husema "waya wa moto" kwa waya wenye umeme, na "betri haina moto" kwa betri iliyoisha chaji. Sitiari hii inapatana na Dholuo, ambamo mach ni moto na pia ni umeme. Katika gari la kawaida haileti madhara makubwa, maana mfumo ni wa volti 12. Gari mseto lina moto wa aina mbili. Betri ndogo ni ya volti 12, lakini betri kubwa ya Aqua ya kizazi cha kwanza ni ya volti 144, na ya Prius za kizazi cha pili na cha tatu ni takriban volti 200. Umeme huo hupandishwa hadi volti 500 au zaidi ili kuendesha mota. Nyaya zake huvikwa rangi ya machungwa ili zitambulike.

Neno stima halisaidii kutenganisha mioto hii miwili. Lenyewe lilitaja meli za ziwani kabla ya kuwa umeme wa nyumbani. Tanzania hutumia msongo kwa kiwango cha umeme kinachopimwa kwa volti. Fundi wa Migori, ambaye jirani yake ni Sirari, angeweza kuliazima na kusema "moto wa msongo mdogo" na "moto wa msongo mkubwa".

3.3 Kuzima na kunyamaza

Utata mkubwa kuliko yote umo katika kitenzi kuzima. Katika gari la zamani, injini ikinyamaza, gari limezima. Sikio lilitosha kuwa shahidi. Gari mseto huweza kunyamaza huku likiwa hai: taa yenye neno READY inawaka, betri kubwa inailisha ndogo, na injini inaweza kuanza kunguruma wakati wowote mkono wa fundi ukiwa karibu na mkanda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa methali hiyo ina maana halisi.

Kinyume chake pia kina hasara. Gari likizimwa na redio ikaachwa inafanya kazi, betri ndogo huisha. Hapo gari haliwaki ingawa betri kubwa imejaa, kwa kuwa ile ndogo ndiyo huamsha mitambo inayoiruhusu ile kubwa kutoa umeme.

4.0 Sarufi ya Usalama

Maelekezo ya kawaida huwa mfululizo wa vitenzi vya kuamuru: "Zima gari, toa betri, funga redio." Hayataji sharti, sababu wala mpaka wa kila tendo. Kiswahili kina viambishi vya kuyabeba hayo yote. Mfano ufuatao unaonyesha hivyo:

(a) Kabla hujagusa waya wowote, hakikisha taa ya READY imezimika, kisha weka ufunguo mbali na gari.
(b) Tenganisha waya hasi wa betri ndogo. Katika Prius za kizazi cha pili na cha tatu betri hiyo imo nyuma, ndani ya buti. Usiufunge mlango wa nyuma ukiwa umeitenganisha, kwa kuwa mlango huo hufunguliwa kwa umeme.
(c) Unganisha waya chanya wa redio kwenye betri ndogo, na fyuzi iwe karibu na betri. Waya hasi uunganishwe kwenye bodi, mahali palepale ulipofungwa waya hasi wa betri.
(d) Usiguse, usikate wala usitoboe penye waya wa rangi ya machungwa. Usipojua unapita wapi, usitoboe sakafu.
(e) Pitisha waya wa antena mbali na nyaya hizo, la sivyo redio itajaa mikwaruzo.
(f) Ukishamaliza, rudisha waya hasi wa betri ndogo. Unapozungumza kwa muda mrefu, acha taa ya READY iwake, lakini usifanye hivyo ndani ya gereji iliyofungwa, maana injini itawaka yenyewe na kutoa moshi.

Katika (a), -ja- inaweka mpaka wa wakati. Katika (d), -sipo- inamzuia asiyejua, na katika (f), -sha- inathibitisha ukamilifu. Aidha, imezimika imechaguliwa badala ya imezimwa kwa sababu kinachotakiwa ni hali inayoonekana kwa jicho. Kitendo cha kubonyeza kitufe peke yake hakithibitishi hali hiyo.

5.0 Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji na ya kulindwa afya na usalama wake. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, maelekezo salama kwa Kiswahili ni jambo la haki.

Kazi hiyo haimalizwi na orodha ya istilahi. Fundi hataacha kusema moto, wala hana sababu ya kuacha. Anachohitaji ni kuambiwa moto upi, umezimwa au umenyamaza tu. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefunzwa kupima uzito wa kila neno katika ubeti ana ujuzi wa kumsaidia, na karakana za Migori na Homa Bay ni mahali pazuri pa kuanzia.