Mashine ya pumzi na meno yetu

Nina maradhi ya kukatikiwa na pumzi usingizini, nami hulala na mashine inayosukuma hewa puani. Alhamdulillahi, mkoromo umekwisha na Alfajiri hainipiti. Lakini nilikuwa nikiamka kinywa kimekauka, na haukupita muda mrefu magego mawili yakatoboka.

Daktari wa meno alinieleza kuwa mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza tindikali na huyarudishia meno madini. Usiku mate hupungua. Ukilala mdomo wazi, hewa ya mashine hukausha hata hayo machache.

Ndugu zangu, tusiiache mashine, maana maradhi haya huandamana na shinikizo la damu. Tutibu pua zilizoziba, tujaze maji kwenye chombo chake cha kulainisha hewa, na tupige mswaki kwa dawa yenye floridi kabla ya kulala.

Ramadhani ndiyo iliyoniponza: nilikuwa nikila daku kwa chai ya sukari, nikiswali, kisha nikirudi kwenye mashine bila kusafisha kinywa. Mtume (s.a.w.) alipoamka usiku alisugua meno kwa mswaki. Sunna hii tusiifanye ya mchana tu.