Jiko la kuni na boila ya mafuta: usiunganishe haraka

Mdogo wangu mmoja aliyeko Maine, Marekani, ameniuliza jambo ambalo najua linawagusa wengi wenu mnaoishi kwenye theluji. Nyumba yake ni ya zamani, boila ya mafuta iko chini ya nyumba, na kila baridi bili inamnyima usingizi. Jirani amemshauri afunge jiko la kuni na kuliunganisha na mabomba ya boila, ili rejeta za vyumba vyote zipate moto wa kuni. Afanye?

Jiko funga, mdogo wangu. Kuunganisha, ngoja kwanza.

Umeme ukikatika, boila ya mafuta huzima yenyewe. Kuni hazina swichi. Jiko lenye maji ndani yake, usiku wa dhoruba, litabaki linawaka huku pampu imesimama, na maji yanachemka pasipo pa kwenda. Maji yakiwa mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Fikiria hilo ndani ya bomba lililofungwa. Ndiyo sababu mfumo huo hautengenezwi bila vali ya usalama, na bila rejeta inayopokea maji moto yanayopanda yenyewe, pampu iwepo isiwepo. Tena maji yanayorudi jikoni yakiwa ya baridi mno, jiko hushika lami na kutu, kwa hiyo kuna kifaa kingine cha kuyapasha kwanza. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni na fedha nyingi. Fundi wa mtaani anayekwambia ni mabomba mawili tu, mshukuru umuage.

Kwa nyumba ya familia ya kawaida, mimi nasema jiko lisimame peke yake sebuleni, boila ibaki msaidizi. Lakini hapa kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Themostati ya boila ikiwa sebuleni humo humo, italiona joto la jiko na kuizima boila. Ninyi mnaota moto, kumbe chumba cha mwisho na mabomba ya chini yanaganda. Bomba likiganda hupasuka, na gharama yake inaweza kumeza akiba yote ya mafuta. Mwombe fundi aihamishe themostati, au agawe nyumba sehemu mbili, kila moja na themostati yake.

Dohani nayo iwe ya jiko peke yake, usiichanganye na ya boila. Isafishwe kila mwaka, kwa sababu kuni mbichi huacha lami nyeusi ndani, na siku lami ile ikishika moto, dohani nzima huwaka. Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20; kipimo chake ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gogo lililopasuliwa. Mbao zenye rangi au dawa usichome kabisa. Majivu yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, uiweke nje mbali na ukuta, maana kaa hukaa hai siku kadhaa.

Na kengele ya kaboni monoksaidi, jamani. Sisi tuliokulia na jiko la mkaa tumezika watu waliolala nalo chumbani. Hewa ile haina harufu wala rangi. Weka kengele kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, na jiko la mkaa lisiingie ndani hata siku moja.

Kabla ya kununua chochote, omba kibali cha mji na uijulishe kampuni ya bima. Nyumba ikiungua na jiko halikukaguliwa, wanaweza kukataa kulipa. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba. Kuni za baridi ijayo zinunuliwe mwezi wa Aprili, zipangwe juu ya mbao, zifunikwe juu tu, pembeni zipigwe na upepo.